Kisu cha Ndege Kisichoruhusiwa Kupanda Ndege: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Kumbukumbu za Safari za Zamani na Kupita Nazo Kwenye Ukaguzi

Kisu chenyewe kilikuwa cha siagi, butu kiasi kwamba hata nyanya iliyoiva ingekisumbua. Mpini wa chuma, na karibu na ncha ya mpini alama ya simba na herufi tatu: EAA, za shirika la ndege la East African Airways. Nilikinunua Ulaya kwenye meza ya muuza vitu vya kale, nikakiviringisha kwenye soksi, na soksi nikaitia kwenye begi la mkononi kwa sababu niliogopa kisije kikapotea na mizigo. Kwenye ukaguzi mkanda wa eksirei ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Afisa, mama wa makamo, akakitoa kwenye soksi, akakilaza juu ya rula iliyobandikwa mezani na kunionyesha makali yalipoishia. Sentimita tisa. Mwisho ni sita.

Nikamwambia kisu hiki kimetoka ndani ya ndege, kwamba zamani hizo kila abiria alipewa cha kwake pamoja na chakula. Akasema anajua, hata yeye anavikumbuka. Kisha akakidondosha kwenye ndoo iliyojaa mikasi ya kucha na bisibisi.

Tangu siku hiyo nimeielewa hobi hii vizuri zaidi. Vitu vingi tunavyovisaka, visu, viberiti, chupa ndogo za vinywaji, vilizaliwa ndani ya ndege, na leo ndege haivitaki tena. Anayetaka kukusanya inabidi ajifunze mambo mawili kwa pamoja: kukitambua kitu, na kujua kitasafirije mpaka nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua kona yako

Ukisema unakusanya "vitu vya ndege" utajaza chumba kwa mwaka mmoja na hutakuwa na mkusanyiko, utakuwa na stoo. Chagua shirika moja, au aina moja ya kitu, au njia moja. Kuna Mholanzi, Niek Vermeulen, aliyekusanya mifuko ya kutapikia tu, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikamhesabia mifuko 6,290 kutoka mashirika zaidi ya elfu moja. Unaweza kucheka, lakini mfuko wa kutapikia ni bure, hauna uzito, haukati, hauwaki, na hakuna afisa wa usalama duniani atakayeuwekea shaka. Kwa anayeanza, sijui kitu bora zaidi.

Mimi kona yangu ni East African Airways. Ilianza kuruka 1946, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa ndege ndogo za Dragon Rapide zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mwaka 1960 ikapata jeti za Comet 4, na kuanzia 1966 Super VC10, zile zenye injini nne zote nyuma. Mapema 1977 ikafa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Kenya Airways ikaanza safari Februari 1977, Air Tanzania ikaundwa Machi. Kwa mkusanyaji hadithi hii ina faida yake: ina mwanzo na ina mwisho. Hakuna kitu kipya cha EAA kitakachochapishwa kesho.

Na ina vionjo. EAA ilikuwa na Super VC10 tano. Moja, yenye usajili 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafariki. Nne zilizobaki zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Mojawapo ni 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Iliruka hadi 2013 na ikapumzishwa Dunsfold, Uingereza. Kwa hiyo VC10 ya mwisho duniani ilitoka kiwandani ikiwa na usajili wa Tanzania. Ukipata picha au kadi ya posta yenye herufi hizo ubavuni, usiiachie.

Kama hutaki EAA, ziko kona nyingine za kwetu: Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, Imperial Airways, iliyofungua njia ya London hadi Mwanza mwaka 1931, Air Zaïre, au Gulf Air ya enzi zile Oman ilipokuwa mmoja wa wenye mali, ambayo ndugu zetu wengi wa Maskati na Zanzibar walisafiri nayo. Vitu vya Imperial na Wilson ni ghali na feki ni nyingi. Usianzie huko.

Hatua ya pili: tafuta kwa watu kabla ya kutafuta sokoni

Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe yana vitu, na bei yake ni ya mtalii. Mitumba ya Ilala na Gikomba mara chache hutoa mkoba wa bega wenye nembo ya shirika, ukiwahi asubuhi. Ila vitu vizuri viko kabatini kwa watu: mafundi, wahudumu wa ndege, makarani wa tiketi, na watoto wao wanaotaka kupunguza vitu nyumbani.

Nenda kwa adabu, na usiende na pesa mkononi siku ya kwanza. Niliwahi kumtembelea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa EAA. Baada ya shikamoo na chai akaleta bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Ndani mlikuwa na barua ya ajira, kitambulisho cha kazi na hati za mshahara, vyote vina simba. Mate yakanijaa. Nikauliza kwa sauti ya chini kama angependa kuviuza.

"Mwanangu," akasema, "hii si kumbukumbu. Hii ni kesi."

Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walihangaikia mafao yao kwa miaka mingi sana, na karatasi hizo ndizo zilizothibitisha kwamba waliwahi kuajiriwa. Basi kanuni yangu ni hii: barua ya ajira, hati ya mshahara na chochote chenye namba ya mtumishi, sinunui hata nikiombwa. Napiga picha kwa ruhusa na kuacha nakala safi nyumbani kwa mwenyewe. Mzee yule aliniruhusu kupiga picha, na nilipokuwa naaga akanipa ratiba ya safari ya 1968 aliyokuwa akifunikia mtungi.

Hatua ya tatu: soma tarehe kwenye karatasi isiyo na tarehe

Lebo za mizigo, ramani na vipeperushi aghalabu havina mwaka. Tarehe utaipata kwa majina.

Angalia majina ya miji. Léopoldville ikawa Kinshasa 1966. Lourenço Marques ikawa Maputo 1976. Salisbury ikawa Harare 1982. Bombay ikawa Mumbai 1995. Ukiona "Zaïre", uko kati ya 1971 na 1997. "Tanganyika" peke yake inakurudisha kabla ya Muungano wa 1964. Uwanja wa Nairobi ulifunguliwa Embakasi 1958 na ukapewa jina la Jomo Kenyatta 1978, hivyo karatasi ya EAA yenye jina la Kenyatta kama uwanja ni ya uongo, kwa kuwa shirika lilishakufa mwaka mmoja kabla. Wa Maskati uliitwa Seeb hadi 2008.

Angalia usajili wa ndege kwenye picha. VP-K ni Kenya ya mkoloni na VR-T ni Tanganyika. Baada ya uhuru zikaja 5Y ya Kenya, 5H ya Tanzania na 5X ya Uganda. Angalia na nauli: hadi 1966 tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, halafu kila nchi ikatoa yake.

Kwa karatasi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930, tafuta ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka huikagulia noti bandia. Imulike karatasi gizani. Ikiwaka bluu kali kama shati jeupe la shule, imetiwa kemikali za kung'arisha ambazo viwanda vya karatasi havikuanza kuzitumia mpaka karibu na 1950. Muuzaji mwambie asante, uondoke. Karatasi isiyowaka haijathibitishwa kuwa halisi, lakini inayowaka imeshajisemea.

Tiketi zinastahili nafasi zaidi. Tiketi ya karatasi ya kimataifa ilikuwa kijitabu: jalada, kurasa za masharti kwa maandishi madogo, kisha kuponi moja kwa kila kipande cha safari, kila kuponi ikiwa na kaboni nyekundu mgongoni. Mliosafiri nazo mnakumbuka vidole vyekundu. Karani aliandika kuponi ya juu na maneno yakapenya hadi ya chini. Ulipopanda ndege kuponi ya safari hiyo ilichanwa, nawe ukabaki na jalada na kuponi ya abiria. Sasa fikiri: tiketi unayouziwa "kamili, kuponi zote zimo" ni tiketi ya mtu ambaye hakusafiri. Huenda aliugua, huenda viza ilikataliwa, na kama ni ya EAA ya mwanzoni mwa 1977, huenda shirika lenyewe halikuwepo tena siku ya safari. Ninayo moja ya namna hiyo, Dar kwenda Nairobi na kurudi, kwa jina la mwanamke. Ndiyo ninayoitazama mara nyingi kuliko zote.

Kwenye kila mstari wa tiketi kuna kisanduku cha hali: OK maana yake nafasi imethibitishwa, RQ maana yake imeombwa tu. Tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi hutaja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates. Mashirika ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yaliacha kutoa tiketi za karatasi mwishoni mwa Mei 2008. Ukitaka kumpa mwanao zawadi ya kukusanya, mtafutie ya mwezi huo.

Hatua ya nne: jua kisicho chako

Mfuko wa kutapikia, gazeti la shirika lililoandikwa kwamba ni nakala yako, leso ya karatasi: chukua. Kadi ya maelekezo ya usalama ni mali ya ndege, na ndege haipaswi kuondoka bila kadi hiyo kwenye kiti. Mwombe mhudumu. Mara nyingi wanazo zilizochakaa zinazosubiri kutupwa, na nimepewa zaidi ya nilizonyimwa. Koti la kujiokoa lililo chini ya kiti usiliguse. Huo ni wizi, na wa aina mbaya, maana atakayekaa kiti hicho baadaye hatajua kwamba halipo hadi siku atakapolihitaji.

Vitambulisho vya uwanja wa ndege, hata vilivyokwisha muda, viache. Sare ya rubani au mhudumu unaweza kuimiliki, ila isafirishe ikiwa imekunjwa kwenye mzigo mkubwa na nembo za kifuani zimetolewa, na usiivae uwanjani hata kwa mzaha. Pasipoti za zamani za watu wengine ni hatari kuliko zinavyoonekana. Kwanza ni mali ya serikali iliyozitoa, na pili, afisa uhamiaji akikuta pasipoti sita za watu sita kwenye begi lako, hataanza kwa kuwaza kuhusu hobi. Yako na ya marehemu babu yako yenye kona iliyokatwa kuonyesha imefutwa, weka nyumbani. Kwa hamu hiyo kuna mbadala mzuri: vile vyeti vya njano vya chanjo ya ndui, vilivyokosa kazi baada ya ugonjwa huo kutangazwa umetokomezwa mwaka 1980.

Hatua ya tano: panga begi kabla hujafika uwanjani

Hapa ndipo wengi tunapopoteza vitu. Kanuni za msingi za usalama wa anga zinatoka kwenye Kiambatisho cha 17 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lakini kila nchi inaongeza yake, na ukibadilisha ndege njiani unakaguliwa kwa kanuni za huko unakobadilishia. Usiulize tu "Dar wanaruhusu?" Uliza na kwa kila kituo.

*Visu, uma, vizibuo, shoka la dharura la rubani.* Weka kwenye mzigo mkubwa unaoukabidhi kaunta, umevingirishwa ili usimkate anayepekua. Ulaya, kisu chenye makali yanayozidi sentimita 6 hakiingii ndani ya ndege. Marekani wanaruhusu kisu cha siagi chenye ncha ya mviringo. Maana yake kisu changu kingeweza kupita New York na kukamatwa siku hiyohiyo mahali pa kubadilishia ndege. Vijiko havina neno.

*Viberiti.* Mashirika yaligawa viberiti vyenye nembo enzi ambazo abiria walivuta sigara angani. Ni vizuri, vidogo, na ndivyo vinavyoleta shida kuliko unavyodhani, kwa sababu njiti haziruhusiwi kwenye mzigo mkubwa, na mwilini unaruhusiwa pakiti moja tu ndogo ya njiti za usalama. Njiti zile zinazowaka zikisuguliwa popote haziruhusiwi kabisa. Ufumbuzi: njiti zitoe zote kabla ya safari, ubebe jalada au boksi tupu. Ndiyo, mkusanyaji mkali atakwambia kiberiti kisicho na njiti kimeshuka thamani. Mwambie akisafirishe yeye. Kiberiti cha gesi au cha mafuta, kimoja tu, mfukoni mwako. Ukinunua vitatu, viwili usisafiri navyo.

*Chupa ndogo za vinywaji vikali.* Nyingi ni za mililita 50, hivyo zinapita kwenye kanuni ya mililita 100 na mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Kanuni hiyo ilizaliwa baada ya njama ya Agosti 2006 mjini London ya kulipua ndege kwa vimiminika. Baadhi ya viwanja vya Uingereza vyenye mashine mpya, kama Edinburgh, vimepandisha kiwango hadi lita 2, lakini usitegemee hilo kama utabadilisha ndege kwingine. Kinywaji kinachozidi asilimia 70 ya kilevi hakipandi kabisa. Na ukielekea Kuwait au Saudia usibebe chupa hata moja: kule suala si la usalama wa ndege, ni la forodha na sheria ya nchi.

*Vifaa vya ndani ya ndege.* Siku hizi watu wananunua hadi viti na vile vibao vya juu vyenye taa na kitobo cha hewa. Kibao kikiwa bado na mtungi wa kemikali unaozalisha oksijeni ya dharura, usiunde mpango wowote wa kukirusha, si kwenye begi wala kwenye shehena. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet namba 592 ilianguka kwenye vinamasi vya Everglades, Florida, watu 110 wakafa, na chanzo kilikuwa mitungi ya namna hiyo iliyokwisha muda, ikisafirishwa kama shehena. Mtungi mmoja ukijiwasha unatoa joto la kutosha kuunguza boksi, na hapohapo unaulisha moto oksijeni. Muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba mtungi umetolewa na mtaalamu, na utazame nafasi yake kwa macho yako.

Koti la kujiokoa ulilonunua kihalali lina kichupa cha gesi. Kitoe, au omba idhini ya shirika kabla ya siku ya safari. Dira za ndege za zamani zimejaa kimiminika kinachoweza kushika moto. Saa na mita za rubani za wakati wa Vita vya Pili huweza kuwa na rangi ya radiamu kwenye namba zake, ile inayong'aa gizani au iliyokuwa iking'aa. Usifungue kioo, usikwangue, na usisafiri nayo. Fataki za dharura wala tusizijadili.

*Karatasi.* Habari njema: eksirei haidhuru karatasi, stempu, wala slaidi na picha zilizokwisha safishwa. Inayodhurika ni filamu ambayo haijasafishwa, hasa kwenye mashine mpya za CT na kwenye zile za mizigo mikubwa. Ukikuta kamera ya zamani yenye filamu ndani, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono.

*Ngozi na pembe.* Mkoba wa ngozi ya mamba, bangili ya singa za mkia wa tembo, kisanduku chenye kipande cha pembe: hivi viliuzwa waziwazi kwa wasafiri wa miaka ya 1960. Leo vinaangukia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwenye sheria za wanyamapori. Umri wa kitu si kibali.

*Plastiki.* Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Ukirudi na vitu, vipakie kwenye albamu, faili au boksi la kadibodi, visiwe kwenye mifuko ya dukani. Ule mfuko wenye zipu wa vimiminika, Tanzania ilitamka kwamba unaruhusiwa mradi msafiri abaki nao.

Hatua ya sita: mezani kwa mkaguzi

Weka vitu vya mkusanyiko pamoja, juu kabisa ya begi, kwenye boksi linalofunguka bila mkasi. Boksi lililozungushiwa selotepu mara kumi linaalika kisu cha mkaguzi. Risiti iwe humohumo, maana baada ya usalama kuna forodha, nao watauliza bei. Kitu cha ajabu kitaje mwenyewe kabla mkanda haujasimama: "Ndugu, humu mna mita ya zamani ya ndege, haina betri, haina kimiminika." Sentensi moja inatosha. Ukianza historia ya EAA kuanzia Dragon Rapide, foleni nyuma yako itakuchukia.

Usitanie. Watanzania wa rika fulani wanakumbuka Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar ikaishia Stansted, Uingereza, mikononi mwa watekaji. Neno "bomu" halina upande wa mzaha mahali pale, wala bastola ya kuchezea au nakala yake.

Wakikuambia kitu hakipiti, uliza kwa upole kama unaweza kurudi kaunta kukiweka kwenye mzigo mkubwa, au kumkabidhi aliyekusindikiza. Ndiyo sababu ninafika saa moja kabla ya muda wanaoshauri, na ninamwomba dereva wangu asiondoke hadi nimpigie simu. Kisu cha siagi kingeokoka kwa njia hiyo.

Hatua ya saba: kuhifadhi kwenye joto letu

Dar, Mombasa, Tanga na Zanzibar, adui ni unyevu. Weka karatasi kwenye mifuko angavu ya polipropilini au poliesta, si ile laini ya PVC yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, maana hiyo hutoa kemikali na kung'ata wino. Usilaminati. Usibandike selotepu. Pini na stepo zenye kutu zitoe taratibu. Kuponi zenye kaboni nyekundu zitenganishe kwa karatasi nyeupe isiyo na tindikali, la sivyo zitachapana. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu usivitupe, vitie kwenye sanduku na uvibadilishe masika yakianza. Sanduku likae juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na mchwa. Kila mwezi fungua, pepea, kagua.

Chuma kifute kwa kitambaa kikavu. Dawa ya kung'arisha itakula nembo ya simba kabla haijala uchafu.

Hatua ya nane: pasi ya leo ndiyo kumbukumbu ya kesho

Pasi ya kupandia ndege inayochapwa siku hizi ni karatasi ya joto, ile ya risiti ya dukani. Ukiisahau kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja utaikuta nyeusi, na hata kabatini maandishi hufifia. Iskani wiki hiyohiyo. Na usiirushe mtandaoni ikiwa nzima: ndani ya ile alama ya nukta kuna jina lako na namba ya nafasi uliyokata, na anayekuwa na hivyo viwili anaweza kufungua safari yako, pengine hata kubadilisha kiti au kufuta kipande cha kurudi. Ziba alama yote na namba yote, hata kama safari imekwisha.

Kisha chukua penseli, si kalamu ya wino, na nyuma ya kila kitu andika kwa herufi ndogo umekipata wapi, kwa nani, mwaka gani, na mwenyewe alisema nini. Nyuma ya ile ratiba ya 1968 nimeandika: "Fundi wa EAA. Zawadi. Ilikuwa kifuniko cha mtungi." Lile duara la unyevu bado liko katikati yake, na sijaribu kulitoa.